Muipwa Hapigi Hodi

Gari la chuo kikuu liliposimama mbele ya malewa ya Mama Philomène, kibanda chake cha chakula pale Kasuku, wateja waliacha kutafuna. Ilikuwa saa ya fufu na mabenchi yamejaa. Siku zile gari lolote lenye maandishi ubavuni likisimama mahali penye watu, kila mtu alianza kujikumbushia makosa yake. Akashuka mama mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, akatazama huku na huku kwa haraka ya mtu aliyekwisha kupita nyumba nyingi tangu asubuhi.

"Ni hapa ninaweza kumupata mwanafunzi wetu wa kigeni? Ephraïm?"

Aliuliza kwa nia njema, Mungu ni shahidi. Lakini aliuliza kwa sauti. Na tangu Bukavu ianguke mikononi mwa waasi, katika mji wa Kindu neno mgeni halikuwa neno la kusema kwa sauti. Vijana walikuwa wanasimamisha watu njiani na kuwauliza kwao ni wapi. Ukiwa mrefu na mwembamba, kama walivyodhaniwa waasi, ulijieleza mara moja. Ukiwa na lafudhi ya mbali ulijieleza mara ya pili. Ephraïm, Mrundi wa Bujumbura, mwanafunzi wa kilimo mwaka wa tatu, alikuwa na vyote, urefu na lafudhi. Serikali ya kwao ilikuwa rafiki ya Kinshasa, lakini hayo ni mambo ya redioni. Njiani nani anasikiliza redio?

"Hapa hakuna mugeni, Mama," Philomène akajibu, hata mwiko hakuusimamisha. "Iko tu muipwa wa bwana yangu. Mutoto ya dada yake, marehemu Elodie."

Uongo huo alikuwa ameusema mara nyingi mpaka ulimi umeuzoea. Yule mama akavaa miwani yake, akamtazama vizuri. Alikuwa Madame Sandrine, anayeshughulikia wanafunzi wa kutoka nje pale chuoni, na ofisi yake ndiyo iliyomtuma Ephraïm kwa familia hii mwaka uliopita. Alijua vizuri kabisa kwamba kijana yule hana mjomba Kindu.

Philomène akamshika mkono, akamvuta nyuma ya pazia, penye majiko na moshi.

"Miye sikuja kumukamata," Madame Sandrine akasema, sasa kwa kunong'ona. "Nimekuja kumusaidia."

"Wanaokuja kukamata nao wanaanza vile vile, Madame. Sema."

Akasema. Visa ya Ephraïm ilitolewa Bukavu, na kila mwaka chuo kiliituma Bukavu ikarudi na muhuri mpya. Sasa Bukavu ilikuwa na wenyewe wengine. Muhuri wa kule haukubaliki tena, na ule wa zamani umekwisha muda. Kinshasa wameandikiwa, wakaandikiwa tena, hawajibu. Mkuu wa chuo alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya wageni, akakaa pale mlangoni kama muombaji mpaka wakampokea, na wakamkubalia jambo moja tu: ruhusa ya kukaa ya muda, mpaka Kinshasa itakapojibu. Lakini kila mwanafunzi aende na mwenye nyumba wake pamoja na shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa wake, waseme kwa vinywa vyao kwamba huyu ni mgeni, anaishi kwetu, tunamjua. Mwisho ni Ijumaa.

"Na asiyekuwa na wa kumusemea?"

"Atatakiwa atoke mukoa."

"Atoke aende wapi?"

Madame Sandrine akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, na haikuwa na vumbi. "Ndege haimubebi muntu bila visa. Inabaki barabara ya kule kwenye vita. Njo maana napita nyumba kwa nyumba, Mama. Chuo hakitamuacha mutoto hata mumoja apite ile barabara. Lakini chuo hakiwezi kusema pahali pa shefu. Wewe shefu wako anamujua, hapana? Tuliwaambia familia zote, mupeleke mugeni kwa shefu mumutambulishe."

"Tulimupeleka."

"Basi mambo ni rahisi."

Philomène akaitikia kwa kichwa. Walimpeleka, ndiyo. Ila walimpeleka kama muipwa.

Alipotoka nyuma ya pazia, benchi moja lilikuwa tupu. Mike, dereva wa pikipiki aliyekula pale kila siku ya Mungu, alikuwa amesimama, sahani yake ya sombe nusu haijaliwa.

"Mama Philo, mugeni gani huyo wanamutafuta na gari?"

"Wamekosea nyumba."

"Ah," Mike akasema, akawasha pikipiki yake. Hakusema tutaonana kesho.

*

Matata, mumewe, alikuwa barazani na cherehani yake. Mtu wa Pangi, fundi nguo, mpole kupita kiasi. Mkewe humtania kwamba hata sindano huiomba radhi kabla ya kuitia uzi. Alipoelezwa, mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Basi tumwambie shefu ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba tumemudanganya mwaka muzima?"

Msiharakishe kuwahukumu. Uongo wenyewe haukuanza kama uongo. Kwa watu wa Matata, mtu anayelala kwako kwa muda mrefu lazima apewe nafasi katika ukoo, la sivyo hata kumsalimu hujui uanzie wapi. Matata alikuwa na dada mmoja, Elodie, aliyeolewa Uvira akafia huko bila mtoto. Wiki ya kwanza tu, akimtazama Ephraïm anavyokula kwa adabu, kijiko cha mwisho akikiacha, Matata alisema kama anajisemea: "Elodie angezaa, angezaa mutoto wa hivi." Kesho yake wakampeleka kijana kwa shefu na neno lile lile wakalitanguliza.

Na muipwa kwa watu wale si jambo dogo. Mtoto wa dada haombi ruhusa. Anaingia kwa mjomba bila hodi. Anaweza kumkamata kuku wa mjomba mchana kweupe, na kazi ya mjomba si kumzuia, kazi yake ni kusimama uani na kumtukana kwa sauti yote, mwizi wewe, mlafi wewe, mpaka majirani wajibu: "Muache akule, ni haki yake." Hapo hata mtoto mdogo anajua huyu ni wa nyumba ile. Ephraïm aliona haya miezi na miezi. Siku alipothubutu, kuku mwekundu alimponyoka, akakimbilia kwa jirani, Mama Clémentine, na kijana mrefu vile akapita juu ya ua mzimamzima na kuangukia kwenye majani ya viazi vitamu. Avenyu nzima ilitoka ikacheka. Shefu Fadhili mwenyewe alishika mbavu, akasema ni haki yake. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena lafudhi yake imetoka wapi. Ilikuwa ya kule mbali alikoolewa mama yake, Elodie.

Hiyo ilikuwa sababu ya Matata. Philomène alikuwa na sababu yake nyingine, na hiyo haikuwa ya kuchekesha.

Mwaka wa tisini na nane, vita ilipoingia, Philomène alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Baba yake alikuwa na mpangaji, Michel, kijana wa kutoka Kivu aliyesomea ualimu. Wenye bunduki walikuja wakati wa chakula. Wakauliza, huyu ni nani? Baba yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto saba nyuma ya mgongo wake. Akasema: "Huyu si wetu. Ni mugeni." Michel hakubishana. Alimwomba Philomène maji, akanawa mikono taratibu kama mtu aliyeshiba, akatangulia kutoka. Walielekea upande wa mto. Sahani yake ilikaa pale mpaka nzi wakaimaliza, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuiondoa. Chumba kile hakikupangishwa tena.

Kwa hiyo Philomène alikuwa na somo lake, na alilishika kuliko Baba Yetu: mtu akikaa kwako, usimwite mgeni.

Ephraïm aliporudi kutoka chuoni, walimkuta tayari anajua. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, magoti yake marefu karibu na kidevu.

"Mama, mngeniacha tu niende," akasema. "Mkienda kwa shefu, mtapata matatizo kwa sababu yangu."

"Nyamaza," Philomène akasema. "Kula kwanza."

Hakuna aliyekula.

*

Shefu Fadhili aliishi ng'ambo ya avenyu. Siku nyingine zote, ukifika kwake viti vinatoka kabla hujamaliza salamu. Siku hiyo Matata alianza tu kueleza, na kiti kilichokuwa karibu naye kikaondolewa na mke wa shefu, kikarudishwa ndani. Wakabaki wamesimama, mume, mke na kijana nyuma yao, mlango wa kiwanja ukiwa wazi na watu wanapita.

Shefu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Njia ya mwongo fupi, fundi."

"Tunaomba musamaha, Shefu."

"Musamaha ni wa padri. Miye nina commune, serikali ya hapa, juu ya kichwa. Kila mwezi wananiuliza, Fadhili, uko na wageni kwa avenyu yako? Nasema hapana. Sasa niende niseme, iko mumoja, nimekuwa namuona akikamata kuku mwaka muzima, nikacheka? Watasema njo miye nilimuficha. Wanamuita muntu hivyo sasa, mwenye kuficha adui. Unajua wanamufanyia nini?"

Matata akajisogeza kumkinga kijana na macho ya wapita njia.

"Nilicheka," shefu akasema, na hapo sauti yake ikabadilika. Ikaonekana kwamba kilichomuuma si commune peke yake. "Nilisema ni haki yake. Kwa kinywa changu. Muntu wa Pangi kama wewe, umenifanya niseme vile kwa muntu ambaye mama yake hata simujui."

Ephraïm akasogea mbele. "Shefu, kosa ni langu. Waliponiita hivyo, niliitika."

"Wewe nyamaza. Naongea na watu wa nyumba."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Philomène akapiga magoti. Hakupanga. Watu wawili waliokuwa wanapita wakasimama mlangoni kutazama mwanamke wa malewa akiwa chini kwenye mchanga wa shefu.

"Shefu, usipoenda, Ijumaa wanamutuma kwa barabara ya vita. Hafiki hata katikati. Wewe unajua hafiki."

Shefu Fadhili akawafukuza wale wawili kwa mkono. Yeye naye alikuwepo Kindu mwaka wa tisini na nane. Mtu mzima yeyote wa mji ule anayo sahani yake ambayo hakuiondoa.

"Nitaenda," akasema mwishowe. "Lakini kule nitasema nilidanganywa, na hamutanibishia. Na mumoja wenu ataenda aseme, mbele ya kijana mwenyewe: huyu si wetu, ni mugeni. Basi. Nikisikia ni kama mutoto wetu, nikisikia kama nini na kama nini, natoka palepale, sababu wataanza kuuliza hiyo 'kama' maana yake nini. Na tukirudi nitapita nyumba kwa nyumba, niwaambie watu iko mugeni hapa. Sheria inataka vile, na sitafungwa kwa ajili ya kuku."

Njiani kurudi, hatua chache tu lakini zilikuwa ndefu, Matata alisema kwa sauti ya chini: "Mama Philo, miye siwezi. Nikisema vile, ni kumuzika Elodie tena."

"Najua. Nitaenda miye."

Alisema hivyo kwa ujasiri, na ujasiri wenyewe ulikuwa wa mdomoni tu. Maneno aliyotakiwa kuyasema alikuwa anayajua tangu usichana wake, neno kwa neno, na alijua yalifanya nini mara ya mwisho.

*

Ijumaa gari la chuo lilipita kuwachukua. Wanafunzi wengine watano walikuwa nyuma, pamoja na wenye nyumba zao na mashefu waliovaa mashati ya Jumapili. Madame Sandrine alikaa nao kule nyuma badala ya kukaa mbele na dereva, na kila walipokuta kizuizi alikuwa wa kwanza kusema, "Hawa wote ni wa chuo," kabla hata hajaulizwa.

Ofisi ya wageni ilikuwa na baraza fupi na jua refu. Walisubiri. Walinzi wawili walikaa mlangoni wakichezea simu, bunduki zimeegemea ukuta, na Philomène hakuweza kuzitazama wala kuacha kuzitazama. Binti mmoja kutoka Afrika ya Kati aliitwa, akaingia, akatoka. Alikuwa analia, lakini alikuwa na karatasi mkononi, kwa hiyo watu wakapumua. Mvulana aliyefuata aliingia na mwenye nyumba peke yake, kwa kuwa shefu wake hakuja. Yeye hakutoka kwa mlango ule.

"Yuko wapi?" Philomène akamuuliza Madame Sandrine.

"Wamemuweka nyuma. Mkuu wa chuo anakuja. Hatutamuacha," Madame Sandrine akasema.

Wakaitwa.

Afisa alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanawe. Shati lake lilikuwa safi, limenyooshwa vizuri. Philomène akajikuta anawaza ni nani aliyempigia pasi asubuhi ile. Karani alikaa pembeni na kalamu.

"Mama, unamujua huyu?"

"Namujua."

"Analala kwako?"

"Kwangu."

"Ni nani yako?"

Ephraïm alikuwa amesimama kando yake, anatazama sakafu. Alikuwa amevaa shati aliloshonewa na Matata kwa Krismasi, mikono ya shati mifupi kidogo, kwa kuwa Matata hakuamini vipimo vya urefu ule. Philomène akafungua kinywa. Akaona bakuli la maji na mikono ya Michel ndani yake. Akaona midomo ya baba yake. Alikuwa amemchukia baba yake kimyakimya miaka yote ile, mpaka kaburini, na sasa alikuwa anasimama mahali pake.

"Huyu si wetu," akasema. "Ni mugeni."

"Sema kwa sauti, Mama. Karani hajasikia."

"Huyu si wetu. Ni mugeni."

Kalamu ikaandika. Shefu Fadhili akatoa ushahidi wake, kwamba anamjua kijana kwa tabia njema, ila yeye alielezwa ni muipwa wa fundi. Afisa akainua kichwa.

"Muipwa? Huyu?" Akacheka, karani akacheka, na mlinzi wa mlangoni akachungulia ili naye aone. "Fundi Matata dada yake alizaa mulingoti?"

Walicheka hasa. Philomène akatabasamu nao, kwa kuwa usipotabasamu mbele ya mwenye muhuri unajitafutia. Mashavu yalimuuma kwa tabasamu lile.

Kisha afisa akaacha kucheka. "Kijana apite nyuma."

"Nyuma kufanya nini?" Madame Sandrine akauliza.

"Madame, subiri nje."

Mlinzi akamshika Ephraïm kiwiko. Kabla hajapita, Ephraïm aligeuka, akamtazama Philomène mara moja tu. Haukuwa mtazamo wa hasira, heri ungekuwa wa hasira. Mlango wa nyuma ulipoanza kufungwa, Madame Sandrine, mama mfupi yule, alitia kiatu chake kwenye nafasi iliyobaki.

"Chuo kinaingia naye," akasema.

"Madame, utaumia muguu."

"Muguu utaumia. Lakini chuo kinaingia naye."

Wakatazamana. Afisa akapunga mkono kwa kuchoka, na Madame Sandrine akaingia. Mlango ukafungwa.

Philomène aliambiwa atoke akasubiri barazani. Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli, ile ya kuziba masikio. Shefu Fadhili alisema jambo, hakulisikia. Alikuwa anasikiliza upande wa nyuma wa jengo kama kuna gari linalowashwa. Aliahidi mambo kwa Bikira Maria ambayo mtu mwenye malewa hawezi kuyatimiza. Alijiambia, nimemuua, nimesema maneno yale yale, nimemuua vile vile.

Kisha wakatoka. Walikuwa wamempiga picha na kumchukua alama za vidole, na muhuri ulikuwa umegongwa: ruhusa ya miezi mitatu, anaishi kwa Matata, fundi nguo, avenyu fulani, Kasuku. Philomène akakaa palepale kwenye ngazi.

Ephraïm akainama mbele yake. "Ahsante sana, Madame Philomène," akasema.

Mwaka mzima alikuwa anamwita Mama.

*

Shefu Fadhili alitimiza neno lake alasiri ile ile. Philomène alimwona kutoka kwenye dirisha akipita mlango hadi mlango. Kila mahali alikaa muda ule ule, na kila alipotoka, wenye nyumba walitazama upande wao. Vijana waliokuwa wakikaa kwenye kona na redio yao walimsikiliza wamesimama. Mama Clémentine alisikiliza akiwa ameshika beseni la nguo, kisha akawaita watoto wake ndani. Wote, hata yule mkubwa.

Muhuri umemwokoa na serikali, umemkabidhi kwa avenyu. Ndivyo ilivyokuwa, na Philomène alikuwa ameyasaini mambo hayo kwa kinywa chake.

Chuo kilikuwa kimetandika magodoro kwenye ukumbi mmoja, kwa wanafunzi ambao familia zao zinaogopa. Madame Sandrine aliwaambia garini, kiti cha yule mvulana asiye na shefu kikiwa bado kitupu, bila kumtazama mtu: hakuna atakayelaumiwa. Ephraïm alipofika alikwenda moja kwa moja chumbani kwake, kile cha uani, na sauti ya kukunja vitu ikaanza. Philomène aliisikiliza akiwa jikoni. Nitasema ukweli juu yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuuficha moyoni: alitaka kijana aondoke. Alitaka mlango ule ubaki wazi na chumba kitupu, ili vijana wa kona wakija waone hakuna mtu. Na alipojisikia anataka hivyo aliona aibu mpaka akaketi juu ya mfuko wa makaa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama pale aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi."

Alidhani ni mtu mwingine. Akaenda kufungua. Alikuwa Ephraïm na begi lake, amezunguka nyumba nzima kutoka uani ili aje kusimama mbele kama mtu wa kutembelea.

"Muipwa hapigi hodi," Philomène akasema.

"Mimi si muipwa. Ulisema mwenyewe." Hakusema kwa ubaya. "Ilikuwa lazima, najua. Nimekuja kuaga."

Philomène alitafuta neno. Karibu ni la wageni. Kwaheri hakuliweza. Akabaki ameshika mlango, machozi yanamtoka bila sauti, na kijana naye hakujua aweke wapi mikono yake mirefu.

Matata alikuwa kwenye cherehani. Wiki nzima hakuwa amepandisha sauti. Hata kukohoa alikoholea kwenye kitambaa, kama mtu anayeogopa kuiamsha avenyu. Aliweka mkasi chini. Akapita kati yao bila kusema, akaenda uani, na wakasikia purukushani ya mabawa. Akarudi na yule yule kuku mwekundu, miguu amefungwa kwa kipande cha kitambaa cha suti. Akamtia Ephraïm mikononi, begi likaanguka.

Halafu Matata, mpole yule, akatoka mpaka katikati ya barabara. Akajishika kiuno.

"Nani amechukua kuku yangu?" akapaza sauti, na sauti ikapasuka katikati kwa kukosa mazoezi. "Njo huyu muipwa wangu tena! Mwizi! Mulafi, umetoka kwa mama yako na tumbo kama gunia! Mutoto ya Elodie, utanimalizia kuku zote!"

Avenyu ikanyamaza. Redio ya kona ikazimwa. Mara ya kwanza, kicheko kilikuja kabla hajamaliza sentensi. Sasa Philomène alihesabu milango kwa macho, na kila mlango ulikuwa umefungwa au umefunguliwa kiasi cha jicho moja. Kwa Mama Clémentine komeo lilisukumwa; alikisikia chuma chake. Kijana mmoja wa kona aliinuka, akasimama tu. Ephraïm alikuwa bado ameshika kuku kifuani.

"Mwizi," Matata akarudia, sasa karibu na kulia, lakini hakuondoka barabarani. "Amekula kuku yangu, watu wangu. Muko wapi?"

Ng'ambo, mlango wa Shefu Fadhili ukafunguka. Hakutoka nje. Sauti yake ndiyo iliyotoka, nzito, ya mtu anayelazimishwa na kitu kikubwa kuliko commune.

"Muache akule. Ni haki yake."

Ilikuwa sauti moja, na nyumba za avenyu ile ni nyingi. Walisubiri ya pili. Yule kijana wa kona alikuwa bado amesimama.

Philomène akaokota begi, akalirudisha ndani, akaenda kuweka maji ya kunyonyolea motoni.